Ekseli Haijui Aliyeokoka

Krrr-tak. Krrr-tak. Kama mtu mwenye meno mabovu anayetafuna mahindi ya kuchoma yaliyoanguka mchangani. Hiyo ndiyo sauti ya gurudumu la kushoto la trela ya Mzee Yosia, kule Nunguni, lilipoinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono. Mpaka leo nikisikia kitu kinachofanana nayo, hata kama ni posho mill ya jirani tu, mwili wangu wote husimama. Niliisikia mimi. Kalekye aliisikia. Dereva wetu aliisikia. Mzee Yosia mwenyewe aliisikia, akacheka. Kwa hivyo naomba mtu yeyote asiniambie tena kwamba sisi akina mama wa Kanyangi tulinunua trela bila kuangalia.

Nasema hivi kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Kalekye, na aliyeshika kipaza sauti alikuwa mpwa wa Mzee Yosia, mwanamume wa suti, mtu wa kuchekesha watu mazishini ili wasilie sana. Jeneza lilikuwa mbele yetu, na juu yake walikuwa wamelaza ile fimbo aliyotembelea tangu ujana. Basi huyo bwana akasema, "Marehemu alikuwa mama wa maendeleo, jameni. Mnajua yeye na wenzake walinunua trela kwa wimbo? Wengine hununua kwa macho, hawa walinunua kwa kwaya!" Watu wakacheka. Kwaya yenyewe ikacheka. Mchungaji akafunika mdomo kwa Biblia. Na fimbo iko pale juu ya jeneza, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza huyu mama alianza lini kutembea na fimbo, na kwa nini. Nilitaka kusimama, lakini sikuwa kwenye programu, na siku hizi kwetu usipokuwa kwenye programu hata maiti ya rafiki yako huwezi kuitetea. Nilirudi nyumbani na hasira, nikashindwa kula, na ndipo nikaona afadhali niandike.

Mambo ya kwetu na nilizaliwa wapi nitayaacha, si ya muhimu. Mwaka ninaousema ulikuwa katika miaka ya themanini, baada ya ile njaa kubwa kupungua. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na shule ikaishia hapo. Kalekye aliishia la nne. Tulikuwa wasichana wa kikundi, na mwenyekiti wa kikundi, Mama Wayua, alitupa chumba nyuma ya duka lake pale sokoni Kanyangi. Kilikuwa stoo kusema kweli. Tulilala kitanda kimoja cha mbao katikati ya magunia ya mbaazi, na harufu ya dawa ya wadudu ilituingia mpaka kwenye nywele. Mchana tulisuka vyondo, jioni tulipika muthokoi usio na mafuta, na Kalekye alikuwa akiimbia sufuria ili mahindi yaive haraka. Ukuta wa mabati uliotutenga na Mama Wayua haukuzuia neno lolote. Tulimsikia akimwambia mumewe, "Mimi sitazeeka nikibeba maji kwa kichwa. Wacha wengine wazeeke hivyo, mimi nimekataa." Mumewe akamjibu, "Utayaleta na ndege?" Naye akasema, "Na trela." Mimi na Kalekye tukatazamana gizani, tukashikana mikono. Ndiyo mara ya kwanza tulisikia hilo neno.

Mtoto wa siku hizi anafungua mfereji, hawezi kujua. Maji yetu yalikuwa chini ya mchanga wa mto, unachimba mpaka mabega yanaingia, unateka kwa kibuyu, kisha unapanda nayo mgongoni, kamba ya mtungi imekukata paji la uso. Wanawake wa rika la mama yangu walikuwa na alama hapo kwenye paji, kama ng'ombe aliyezoea nira. Trela yenye mapipa, ivutwe na trekta mara mbili kwa wiki, ingetosha soko zima na shule. Trekta tulikuwa tumeahidiwa. Musyoka, dereva wa mkulima mmoja wa pamba, alikuwa amepewa ruhusa na tajiri wake atusaidie. Tulichokosa ni trela. Na mimi, kwa vile kichwa changu hakikukaa mahali pamoja, nilikuwa nimeshaichagulia rangi, nimeiandika jina ubavuni, nimejiona nimekaa juu ya pipa la mbele nikipungia watu mkono kama mke wa waziri.

Musyoka ndiye aliyetufundisha namna ya kuangalia trela iliyotumika. Alikuwa anakuja dukani jioni, anaegemea mlango wa stoo yetu na kikombe cha chai, macho mekundu, kwa sababu pombe alikuwa anapenda na hakuficha. Alituambia, "Nyinyi mtaonyeshwa rangi. Msiangalie rangi. Juu kila mtu anaangalia. Laleni chini." Akatueleza kwamba uzito wote wa trela unakaa kwenye ekseli, ule mti wa chuma unaounganisha gurudumu na gurudumu. Simama nyuma yake uone kama magurudumu yamesimama wima au yamechanua miguu. Pitisha mkono kwenye tairi, na ikiwa imelika upande mmoja tu, ekseli imepinda. Inua kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza kama jino la mtoto, beringi zimekwisha. Lizungushe usikilize. Halafu uingie chini ukague ekseli kutoka mwisho mpaka mwisho, kwa sababu iliyovunjika huchomelewa na kupakwa rangi, na chuma kilichochomelewa vibaya hakikwambii siku kitakapoachia.

Wengi kwenye kikundi hawakujua kusoma. Lakini sisi tulikuwa mwethya, wanawake wa kuchimba matuta ya mashamba pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na katika mwethya jambo lolote la maana linawekwa kwenye wimbo ili jembe lilipeleke kichwani. Basi mimi na Kalekye tukautunga. Mmoja anamwita mwaitu, yaani mama, wengine wanaitikia wakiinua majembe:

Mwaitu, rangi ni ya nani? Ni ya mwenye kuuza!
Mwaitu, tairi imelika wapi? Pitisha mkono!
Mwaitu, gurudumu lasema nini? Inua, usikilize!
Mwaitu, na kule chini? Lala, lala uone!

Ndio huo wimbo uliochekwa juu ya jeneza. Haukuwa wimbo wa kununulia trela. Ulikuwa fundisho zima la ufundi, na wamama waliliimba mwezi mzima wakichimba, mpaka hata susu, bibi kizee mmoja asiye na meno, angeweza kukwambia beringi mbovu inasikika vipi.

Mzee Yosia alikuwa mzee wa kanisa letu, lakini wa kule juu Nunguni, mtu mkubwa kwenye baraza la wilaya. Mama Wayua alisikia kwamba anauza trela. Tukapanda mlima wachache wetu, na Musyoka akaja na trekta na jeki yake. Nunguni ni baridi. Sisi wa Kanyangi tulifika tunatetemeka, meno yanagongana, na tulipoona kabichi zimejaa mpaka kando ya barabara Kalekye akasema, "Aiya, kumbe Mungu alishukia huku, akachoka kabla afike kwetu." Trela ilikuwa uani, imepakwa rangi ya kijani mbichi, inang'aa kwa umande. Nilijisahau kabisa, nikaanza kuipenda.

Lakini hatukupelekwa kwa trela. Tulipelekwa sebuleni. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, ukutani saa na kalenda ya kanisa, na mke wa mzee akatuletea chai ya maziwa matupu kwenye vikombe vyenye visosi, chapati, viazi vya njegere, nyama. Nyama! Tulikula kama watu waliookolewa kutoka mtoni. Sasa nikiwa mzee naelewa kile chakula kilikuwa na kazi gani. Ukishakula kwa mtu, ukashiba, mke wake akakuita mwanangu, utatoka nje ulale chini ya trela yake ukatafute uongo wake? Na baada ya chakula Mzee Yosia akasimama, akasema, "Ndugu zangu, tusifanye biashara kama mataifa. Tulete hii trela mbele za Bwana kwanza." Akaomba. Aliomba mpaka chai iliyobaki vikombeni ikaweka utando. Aliombea magurudumu, akaombea mapipa ambayo hatukuwa tumenunua bado, akaombea barabara. Alipomaliza, Mama Wayua alikuwa analia.

Tulipotoka uani, Musyoka hakusema na mtu. Aliweka jeki upande wa kushoto, akainua, akazungusha. Krrr-tak. Krrr-tak. Kalekye akanifinya mkono mpaka kucha zikaingia. Mzee Yosia akacheka, "Hiyo ni kutu ya kukaa. Hata wewe dereva ukilala mwezi mzima, ukiamshwa utanguruma." Watu wake wakacheka naye. Musyoka akashika gurudumu juu na chini, akatikisa, likacheza. Akasema taratibu, "Mzee, beringi hazipo. Na ningependa kuona ekseli chini."

"Wewe umeokoka?" Mzee akamuuliza.

Musyoka akalitazama gurudumu.

"Nakuuliza swali rahisi, kijana. Umeokoka, au hujaokoka?"

"Bado, mzee."

"Basi," akasema Mzee Yosia, akamgeukia Mama Wayua kana kwamba Musyoka ameyeyuka. Na mimi nasema, miaka yote hii imepita lakini hapo pananichoma kama jana. Ekseli inajuaje aliyeokoka? Beringi zinasagika polepole zikishikwa na mtu wa maombi? Mtu alikuwa amesimama na grisi mikononi, anasema ukweli mtupu, akanyamazishwa kwa swali ambalo halikuhusu chuma hata kidogo.

Kalekye akaanza wimbo. Hakuimba kwa nguvu, alianza kama mtu anayejiimbia jikoni: "Mwaitu, na kule chini?" Wamama wakaitikia, kwanza wawili, halafu wote, "Lala, lala uone!" Mimi nikavua leso yangu, nikaitandika kwenye matope nyuma ya trela, nikapiga magoti. Hapo nikasikia sauti ya mzee juu ya kichwa changu. "Simama, mwiitu. Msichana wa kuolewa analala chini ya trela mbele ya wanaume? Mama Wayua, hawa ndio mabinti mnaolea kule Kanyangi? Na huu wimbo wa dunia nyumbani kwangu?" Wimbo ukakatika. Akaongeza kwa upole, na huo upole ndio uliotumaliza, "Tumeshaomba, dada zangu. Sasa mnataka kukagua maombi?"

Mama Wayua akanivuta kando, karibu na zizi. Alinishika mabega yote mawili. "Wasemaje wewe?"

"Tusinunue kabla ya kuona chini."

"Nikisema hivyo hapa, Jumapili nitakaa wapi? Huyu ndiye anayepitisha kila kitu chetu kanisani. Nikimwita mwongo kwake, na chakula chake tumboni?"

"Sijasema mwongo, mama. Nimesema tuone."

"Ni kitu kimoja, mwiitu wakwa," akasema. "Kwetu ni kitu kimoja." Akaenda, akampa mzee mkono. Hakuwa mjinga Mama Wayua. Yeyote anayetaka kumwita mjinga aje kwanza anionyeshe yeye angesimama wapi.

Tuliteremka na trela siku hiyo hiyo. Mama Wayua na wengine walirudi kwa basi. Sisi wawili tuliomba kupanda juu ya trela, na Musyoka akakataa, halafu akatuhurumia kwa sababu ya matope, akasema tukae mbele, tushikilie. Mnaona tulivyokuwa wachanga? Tulikuwa tumeisikia ile sauti, lakini tulipokaa juu ya ile kijani na upepo ukatupiga, furaha ikarudi yenyewe. Kalekye alipungia mkono kila mwenye kuku na kila mwenye mbuzi. Tulikuwa tumepita soko la Tawa, tunashuka mteremko, ndipo chini yetu kitu kikalia kwa sauti moja kavu. Trela ikainama upande, ikatutupa. Mimi niliangukia majani. Kalekye aliangukia barabara, na trela ikapanda juu ya mguu wake ikasimama hapo.

Ekseli ilikuwa imeachia katikati. Niliiona mimi mwenyewe wakati watu wa Tawa wakiinua chuma ili tumtoe. Kilichokatika hakikuwa chuma kizima. Kilikuwa chuma kilichochomelewa zamani, kingo zake nyeusi kwa kutu ya miaka, na ukanda mwembamba tu unang'aa mahali palipokuwa pamebaki pameshika. Juu yake rangi ya kijani, mbichi, nzuri.

Nilikaa Tawa muda mrefu nikimuuguza. Alilazwa zahanati, na mimi nikapata mahali pa kulala nyuma ya hoteli moja, nikioshea mwenye hoteli sufuria kwa malipo ya chakula. Kila asubuhi nilimpelekea Kalekye uji. Mguu ulivimba, ukapinda, ukakataa kurudi ulivyokuwa. Mzee Yosia alikuja kumwona, na machungwa kwenye mfuko. Akakaa kwenye kiti, akasema Ibilisi hakufurahia baraka yetu. Akasema ni vizuri tumsamehe dereva, kwa kuwa pombe ni roho chafu. Kalekye alikuwa amelala tu, anatazama dari. Akasema, "Mzee, bia ilinywewa na Musyoka. Ekseli ilikunywa nini?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa. Mzee akaondoka. Machungwa alituachia, na tuliyala, kwa nini tusiyale.

Musyoka alifukuzwa kazi. Mama Wayua alijiuzulu, na bila yeye mwethya ukalegea, kila mtu akarudi shambani kwake na mtoni kwake. Baraza la kanisa likasema jambo limekwisha, tusipelekane kortini kama mataifa. Na kwa wema wake Mzee Yosia akajitolea kutuondolea ile trela barabarani, kwa bei ya chuma chakavu, ili isituaibishe. Sisi tukamshukuru. Nikikumbuka kwamba tulimshukuru, nashindwa hata kukaa kwenye kiti.

Sasa siku moja naosha sufuria pale nyuma ya hoteli, nikasikia wanaume wawili wanazungumza mezani. Mmoja alikuwa mtu wa Mzee Yosia, nilimjua sauti, alicheka uani siku ile. Alisema trela iko kwa fundi hapa Tawa, imeshachomelewa, imeshapakwa, sasa ni bluu. Mwenzake akauliza nani atanunua. "Kuna akina mama wa kikundi wanakuja Jumatatu," akasema. "Mzee anakuja kuwaombea." Wakacheka wote wawili, wakaagiza chai nyingine.

Sikulala vizuri. Niliwaza niende kuwatafuta hao akina mama, lakini sikuwajua, na ningewaambia nini? Mimi ni nani? Msichana wa kuosha sufuria aliyekatazwa kupiga magoti mbele ya wanaume. Mzee angewauliza kama nimeokoka, ningesema ndiyo, angesema basi kwa nini nina uchungu moyoni. Maneno yangu yangeombewa mpaka yaishe.

Jumapili Tawa yote ilikwenda kanisani. Nilimpelekea Kalekye uji mapema, nikamwambia naenda ibada, nikapita kanisa likiwa limeanza kuimba, nikaendelea moja kwa moja mpaka uani kwa fundi. Hapakuwa na mtu. Trela ilikuwa bluu kweli, inapendeza, ningeipenda tena. Niliokota kipande cha chupa kilichovunjika, nikakizungushia kitambaa upande wa kushika. Nikalala chali kwenye vumbi, nikajisukuma kwa visigino mpaka ekseli ikawa juu ya uso wangu. Sikutafuta sana. Nilipitisha vidole, nikapata mahali palipovimba. Nikaanza kukwangua.

Rangi iliniangukia machoni, ikaniingia mdomoni, chungu. Nilikwangua mpaka lile kovu la kuchomelea likajitokeza lote, la zamani na la juzi juu yake, bovu kama uji ulioganda. Halafu nikafikiri: hawa akina mama hawataachwa wapige magoti. Basi nikatoka chini, nikaenda nyuma ya trela, nikasimama pale ambapo mtu angesimama wakati wa kuombewa, na kweli kutoka hapo halikuonekana vizuri. Nikaingia tena. Nikakwangua uso wa nyuma wa ekseli, upana wa viganja viwili, mpaka chuma kikang'aa peupe katikati ya ile bluu. Nikatoka, nikasimama tena mahali pale pale, mikono nimeikunja kama wa maombi, kichwa nimekiinamisha kidogo. Kovu likaonekana.